Injini Imekaguliwa, Mkanda Haujavutwa

Shemeji yangu aliponunua gari lake la kwanza kwenye yadi moja ya Dar es Salaam, aliniomba nimsindikize. Tulifanya yote ambayo watu hufanya. Tuliinua boneti tukasikiliza injini, tukainama kuchungulia kama kuna oili inayovuja, tukapitisha viganja kwenye milango kutafuta palipopigwa rangi upya. Tulisoma kilomita. Tuliwasha kiyoyozi tukakaa ndani mpaka kikapoa. Tulikuwa pale karibu saa nzima, watu wazima watatu na fundi wetu, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akavuta mkanda.

Miezi minne baadaye honi ikagoma. Fundi umeme akafungua kifuniko cha katikati ya usukani, akanyamaza kidogo, kisha akamwita shemeji. "Bosi, hili gari limeshapigwa. Njoo uone mwenyewe." Mahali palipotakiwa kuwa na mfuko wa hewa, ule ambao gereji zote huuita eabegi, palikuwa na kipande cha sponji la godoro kilichokatwa kwa wembe. Kifuniko chenyewe kilikuwa kimechanika katikati, kikagandishwa kwa gundi upande wa ndani na kupuliziwa rangi nyeusi kwa nje. Kwenye soketi ya njano chini ya usukani mtu alikuwa amechomeka rizista ndogo, haifiki hata urefu wa punje ya mchele, akaizungushia tepu. Kazi ya rizista ile ilikuwa moja tu: kuiambia kompyuta ya gari kwamba eabegi ipo. Ndiyo maana kila asubuhi shemeji alipowasha gari, taa ya SRS, yaani ya eabegi, kwenye dashibodi iliwaka sekunde chache na kuzima, sawasawa na gari zima.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliuliza jambo hili kwa kila fundi na kila mwagizaji wa magari ninayekutana naye, na kila jibu linanirudisha palepale. Gari la mtumba hukaguliwa kwa vile vitu vinavyojisema vyenyewe. Injini mbovu itakwambia, itatoa moshi au itakosa nguvu mlimani. Breki zikiisha zitalia. Springi zikivunjika utazisikia kwenye shimo la kwanza. Lakini mkanda na eabegi ni vifaa vya dharura, na hasa eabegi hufanya kazi mara moja tu katika maisha yake. Kabla ya siku hiyo, nzima na mbovu hufanana. Muuzaji hana sababu ya kuigusa, mnunuzi hajui pa kugusa, na mkaguzi mara nyingi hana kingine cha kutazama zaidi ya ile taa.

Nianze na mkanda, kwa sababu ndio unaodharauliwa zaidi na ndio unaookoa zaidi. Mkanda wa pointi tatu tunaoufahamu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa ametoka kwenye kazi ya kutengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Volvo waliuweka kwenye magari yao mwaka 1959 na wakawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda hupunguza uwezekano wa mtu wa kiti cha mbele kufa katika ajali kwa hadi asilimia 50, na wa nyuma kwa hadi asilimia 25. Huko Marekani, ambako hesabu hizi zimefanywa kwa miaka mingi, ilikadiriwa kwamba mwaka 2017 mikanda iliokoa maisha ya watu karibu 15,000, na eabegi za mbele karibu 2,800. Watu wengi hudhani mpangilio ni kinyume, kwamba eabegi ndiyo kinga na mkanda ni wa kumridhisha trafiki.

Hesabu yenyewe ya ajali si ngumu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga ukuta, na mwili wako ukasimamishwa ndani ya nusu mita kwa msaada wa mkanda na bodi inayojikunja, mtu wa kilo 70 hubanwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Nguvu hiyo yote hupita kwenye utepe wa nyuzi usiozidi vidole vitatu kwa upana, kwenye boliti chache, na kwenye kifungio unachokibonyeza kwa kidole gumba. Katika magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 kuna kitu cha ziada ambacho wanunuzi wengi hawakijui: ndani ya nguzo ya mlango, au karibu na kifungio, kuna chaji ndogo ya baruti inayoukaza mkanda kwa sentimita kadhaa mara gari linapogonga. Ikishalipuka, imekwisha. Nyuzi za mkanda nazo zikishabeba mzigo ule huvutika na hazirudi kama zilivyokuwa. Mkanda uliokwisha kumwokoa mtu unatakiwa kutupwa.

Kwetu hautupwi. Gari lililogonga likifika gereji, fedha huenda kwenye taa, bampa, boneti na rejeta, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana. Mkanda uliovutika hurudi taratibu ndani ya nguzo na kukaa pale kumsubiri mwenye gari mwingine. Ukitaka kuutambua, uvute wote hadi mwisho, usiishie kwenye kile kipande unachokivaa kila siku. Kwa macho yangu nimeona, kwenye gari lilelile la shemeji, alama ninayotamani kila mnunuzi aijue: karibu na mahali panapofika kifua, nyuzi zilikuwa zimelainika na kung'aa kama kitambaa kilichounguzwa na pasi. Pale ndipo ulimi wa chuma wa mkanda uliposuguliwa kwa nguvu sekunde ile ya ajali hadi plastiki yake ikayeyuka kidogo na kugandia kwenye nyuzi. Alama hiyo haiondoki kwa sabuni. Gari lilikuwa limeungama ajali yake kwa maandishi, na sisi tulikuwa tumekaa saa nzima kando yake bila kuyasoma.

Mkanda huungama na mengine pia. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa viti, zulia na milango, lakini mara chache mtu hukumbuka kuvuta mikanda yote nje na kuiosha. Ukiuvuta hadi mwisho ukakuta mstari wa tope au doa lililopita sawasawa kama kimo cha maji, basi kompyuta ya eabegi, ambayo kwenye magari mengi imefungwa sakafuni katikati ya viti vya mbele, nayo ilikunywa maji hayohayo. Kuna pia lebo iliyoshonwa chini ya mkanda yenye tarehe ya kutengenezwa. Gari la 2010 likiwa na mkanda mmoja wa 2010 na mwingine wa 2014, kuna swali la kumuuliza muuzaji.

Kwenye magari ya abiria hali ni nzito zaidi. Kenya ililichukulia jambo hili kwa ukali, pale Waziri wa Uchukuzi John Michuki alipotoa kanuni zilizoanza kukazwa Februari 2004: kila matatu iwe na kidhibiti mwendo na kila kiti kiwe na mkanda. Watu waliokuwa wakisafiri wakati ule wanakumbuka nauli zilivyopanda na barabara zilivyotulia kwa muda. Lakini sheria iliamuru mkanda uwepo, na mkanda ukawepo tu. Mingi iligeuka vitambaa vyeusi vya jasho na grisi, vya kujipitishia begani kizuizi cha polisi kinapoonekana. Na ipo shida ya ndani zaidi ambayo hata mkanda safi hauitatui. Hiace nyingi huingia nchini zikiwa gari za mizigo, nyuma hazina kitu. Viti huchomelewa hapa, kwa bomba za chuma, na kufungwa kwenye bati la sakafu. Mkanda ukishikizwa kwenye kiti cha namna hiyo, ile tani moja na zaidi haina pa kushika. Kiti kizima hung'oka na abiria wake akiwa amefungwa vizuri.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, iliyotungwa 1973, ilipogusa mkanda ilimtazama dereva na abiria wa mbele. Mazoea yamebaki hapo. Ingia kwenye gari dogo lolote mjini ukakae nyuma, kisha utafute kifungio. Mara nyingi kiko chini ya kava za siti, kimefunikwa tangu siku mwenye gari alipozinunua.

Sasa eabegi. Herufi SRS zilizochapwa kwenye usukani husimama kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfumo wa ziada wa kumzuia mtu, na neno la kushika hapo ni "ziada". Ilibuniwa kumpokea mtu ambaye tayari ameshikwa na mkanda. Kompyuta ikishahisi kishindo, huwasha kopo la chuma lenye kemikali, gesi hujaza mfuko kwa muda wa kama sehemu thelathini kati ya elfu moja za sekunde, yaani haraka kuliko kufumba jicho, na mfuko huja usoni kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 300 kwa saa. Mtu aliyefungwa mkanda hukutana nao ukiwa umejaa na umeanza kunywea. Asiyefungwa huwa ameshatupwa mbele wakati breki inakanyagwa, kwa hiyo hukutana nao ukiwa bado unalipuka. Huko Marekani, kati ya 1990 na 2008, vifo zaidi ya 290 vilihusishwa na eabegi za mbele zilizofumuka katika ajali za mwendo mdogo, na sehemu kubwa ya abiria waliokufa hivyo walikuwa watoto ambao hawakufungwa au walikuwa kwenye viti vya watoto vilivyotazama nyuma. Karibu tisa kati ya kumi ya vifo hivyo vilitokea kwenye magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998. Mama aliyempakata mwanawe kiti cha mbele, picha tunayoiona kila siku na ambayo imejaa upendo, amemweka mtoto katikati ya eabegi na kifua chake mwenyewe.

Yote hayo ni kuhusu eabegi iliyo nzima. Iliyo mbovu ina historia yake, na historia hiyo inatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Takata ilianza Japani mwaka 1933 kama kiwanda cha nguo. Ilikuja kutengeneza mikanda ya magari, kisha eabegi, hadi ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Haikuwa ngeni kwa kashfa: mwaka 1995, zaidi ya magari milioni 8 yaliitwa yarekebishwe huko Marekani kwa sababu plastiki ya vifungio vya mikanda yake ilikuwa ikikauka kwa jua na kuvunjika. Kwa upande wa eabegi, kampuni hiyo ilichagua kuzijaza kwa amoniamu naitreti, kemikali ambayo wakulima wanaijua kwenye mbolea na wachimba migodi wanaijua kwenye baruti. Ni ya bei nafuu na hutoa gesi nyingi. Ubaya wake ni kwamba hunyonya unyevu. Kopo lisipokuwa na kikausha unyevu ndani, joto la mchana na ubaridi wa usiku vikipishana mwaka baada ya mwaka, vidonge vya kemikali hufanya nyufa na matundu madogo. Siku vinapowashwa huungua kasi kuliko ilivyokusudiwa, kopo hushindwa kuhimili, na mfuko uliotakiwa kumpokea dereva humrushia vipande vya chuma shingoni na usoni.

Honda walitoa wito wa kwanza wa kurejesha magari kwa sababu hiyo Novemba 2008, magari kama 4,000 tu. Katika miaka iliyofuata wito ulikuja kugusa watengenezaji 19 na makopo zaidi ya milioni 100 duniani, milioni 67 kati yake Marekani peke yake, wito mkubwa kuliko wowote katika historia ya nchi hiyo. Marekani imethibitisha vifo visivyopungua 28 na majeruhi zaidi ya 400. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa na kulipa dola bilioni 1 kwa kuficha na kughushi matokeo ya vipimo vyake, na Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipopanga nani arekebishiwe kwanza, haikuanza na magari ya zamani kwa jumla. Ilianza na mahali: Florida, pwani ya Ghuba ya Meksiko, Hawaii, Puerto Rico, kila penye joto na unyevu mwingi. Malaysia, nchi ambayo hali yake ya hewa mtu wa Tanga au Mombasa angeizoea kwa siku moja, ilipoteza watu kadhaa. Mmoja, mwaka 2014, alikuwa mama mjamzito aliyekuwa akiendesha Honda City katika jimbo la Sarawak. Kipande cha chuma kilimpata shingoni, na mtoto wake naye hakuishi.

Ukiitazama ramani hiyo kisha ukaiweka juu ya pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, na Unguja na Pemba katikati, hofu haihitaji kuongezwa chumvi. Miongoni mwa magari yaliyoguswa na wito huo, kwa miaka fulani ya kutengenezwa, kuna Corolla, Vitz, RAV4, Nissan X-Trail, Honda Fit na Subaru Impreza. Simama dakika kumi pale Ubungo, Dar es Salaam, au kwenye mzunguko wowote wa Mombasa uhesabu. Gari lililokaa miaka minane kwenye mji wa baridi Japani, likiegeshwa ndani ya gereji ya nyumba, huanza maisha yake ya pili hapa likianikwa juani kuanzia asubuhi hadi jioni. Kopo lililokuwa na muda mrefu wa kuishi kule limehamishiwa kwenye hali ileile iliyowatia Wamarekani wasiwasi.

Basi kwa nini hayarekebishwi? Japani hufanya sehemu yake. Kuanzia Mei 2018, gari lenye eabegi za Takata za hatari ambalo halijarekebishwa halipiti ukaguzi wa lazima wa nchi hiyo. Lakini ukaguzi huo, baada ya ule wa kwanza wa mwaka wa tatu, huja kila baada ya miaka miwili na ni wa gharama, na wamiliki wengi huliuza gari kabla haujafika. Gari linalokwenda mnadani na kupakiwa melini halihitaji kupita tena. Yale yaliyosafirishwa kabla ya 2018 ndiyo kabisa, barua ya wito ilitumwa kwa mtu wa Nagoya ambaye gari lake liko Mbagala.

Na hapa pana kikwazo kimoja ambacho sijaona kikizungumzwa kwa uzito unaostahili. Mtu akisikia habari za Takata akaingia kwenye intaneti kukagua gari lake, tovuti nyingi humdai namba ya tarakimu na herufi 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba hiyo. Lina namba ya chesisi iliyo fupi, herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, kwa mfano NZE121 na tarakimu zinazofuata. Tovuti humjibu kwamba namba si sahihi, naye hufunga simu akiamini gari lake halihusiki. Kumbe watengenezaji wa Japani wana kurasa zao zinazopokea namba hiyo fupi, ila zimeandikwa Kijapani. Kijana mwenye simu ya kawaida anaweza kuifungua, akaitafsiri kwa programu ya bure, akaingiza namba iliyo kwenye kadi ya gari na kupata jibu. Wale wanaoagiza magari mamia kwa mwezi wangeweza kufanya hivyo kwa kila gari kabla halijapakiwa. Mamlaka zetu za viwango zingeweza kuwadai wafanye hivyo.

Ndilo dai langu katika makala hii. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulitoa ripoti mwaka 2020 ukihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyosafirishwa na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, asilimia 40 yakija Afrika. Serikali zetu zimejibu wimbi hilo hasa kwa umri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kuanzia 2018. Tanzania huongeza ushuru kadiri gari linavyochakaa. Umri ni kipimo rahisi, kinaandikwa kwenye karatasi na kinaingiza mapato, lakini umri haukwambii kama usukani una sponji. Gari la miaka saba lililogonga Osaka na kuunganishwa upya lina hatari zaidi kuliko la miaka kumi na mbili lisiloguswa. Karatasi ya mnada wa Japani husema wazi: gari lenye historia ya kurekebishwa baada ya ajali hupewa daraja la R au RA. Taarifa hiyo ipo tangu siku ya kwanza. Hupotea njiani, kati ya mnada na yadi, na mtu wa mwisho kuihitaji ndiye asiyeiona kamwe. Kuifanya iwe hati ya lazima forodhani, pamoja na jibu la namba ya chesisi, si jambo la kuhitaji mashine mpya.

Najua upande wa pili, na sitaki kuwalaumu mafundi peke yao. Gari lenye eabegi zilizofumuka, kulirudisha lilivyokuwa hutaka eabegi ya dereva, ya abiria, mikanda ya mbele yenye vile vikaza, sensa na kompyuta, na mara nyingi dashibodi nzima kwa sababu eabegi ya abiria huchomoza kwa kuipasua. Jumla yake yaweza kukaribia bei ya gari. Ndiyo sababu kampuni za bima hulitangaza kuwa limekufa, na ndiyo sababu mtu asiye na bima kubwa humwambia fundi, "Wewe zima hiyo taa tu." Fundi hufanya anachoagizwa. Wengine hung'oa balbu ya taa. Wengine huiunganisha na taa ya oili ili iwake na kuzima nayo. Mwenye gari wa kwanza anajua. Tatizo ni wa pili na wa tatu.

Wanaojaribu kurekebisha nao huangukia kwenye mtego mwingine. Spea za magari yaliyokatwa, zinazouzwa Gerezani na Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, zaweza kuwa nzima kabisa, lakini eabegi iliyotolewa kwenye gari lisilojulikana yaweza kuwa hiyohiyo ya Takata iliyokwisha kuitwa. Na za bandia zipo. Julai 2024 NHTSA ilionya kuhusu makopo ya kujazia eabegi ya bei rahisi yaliyoingizwa kutoka nje na kufungwa kwenye magari yaliyotengenezwa baada ya ajali: ndani ya miezi tisa watu watatu walikuwa wamekufa na wawili wamepata majeraha ya kubadili maisha yao, katika ajali ambazo wangeweza kunusurika. Kama bidhaa hizo zimepenya Marekani, sioni sababu ya kuamini kwamba zimeshindwa kupenya bandarini kwetu. Kwa maoni yangu, mtu asiye na uwezo wa kupata eabegi yenye asili inayojulikana ni heri akae bila eabegi, ajue kwamba hana, na afunge mkanda mzima. Wapo mafundi wanaobisha, na hoja zao nazisikiliza, lakini kopo la baruti lisilo na cheti mbele ya kifua changu silitaki.

Kwa anayekwenda yadi kesho, ukaguzi wenyewe hauzidi dakika tano. Washa swichi bila kuwasha injini na utazame taa ya SRS: iwake na izime yenyewe baada ya sekunde kama sita. Isipowaka kabisa, hiyo ni habari mbaya zaidi kuliko kuwaka muda wote. Linganisha rangi na maandishi ya kifuniko cha usukani na dashibodi, pitisha ukucha kwenye mishono yake. Vuta kila mkanda hadi mwisho, utazame nyuzi kwa mwanga wa jua, kisha uuache urudi, uuvute ghafla uone kama unajifunga. Uufunge, uuvute kwa nguvu, uufungue. Mwite fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na umwambie waziwazi asome upande wa SRS, maana wengi huishia kwenye injini. Gari likishakuwa lako, kava za siti zisifunike ubavu wa kiti wenye lebo ya eabegi ya pembeni, na juu ya dashibodi upande wa abiria pasigandishwe kitu, hata chupa ya marashi, kwa kuwa siku ya ajali chupa ndiyo itakayotangulia.

Shemeji alirudi yadi na ile rizista mkononi. Wakamjibu kwamba alikagua mwenyewe akaridhika, na karatasi aliyosaini ilisema hivyo. Hakuwa na fedha za eabegi. Alinunua mikanda miwili ya mbele kutoka kwenye gari ambalo fundi wetu alilijua, lililokufa injini bila kugonga, na tukazishika lebo zake tukasoma tarehe kabla ya kulipa. Akang'oa rizista, akaiacha taa ya SRS iwake muda wote, nyekundu, ili yeyote atakayeendesha au kununua gari lile aione.

Kisha akasema watoto wanahamia nyuma. Tulichukua wembe tukachana mshono wa kava ya siti ya nyuma, tukaingiza mikono kwenye upenyo kati ya kikalio na mgongo wa kiti, katikati ya makombo ya karanga na sarafu ya yeni mia moja, na tukavipata vifungio vitatu. Vilikuwa safi, vyekundu, havina hata mkwaruzo. Mdogo wa watoto alichomeka ulimi wa mkanda, ukalia kli, akaufungua, akauchomeka tena.